Mume Wangu Alirudia Kiapo cha Ndoa Kana, Mjane Akasimama Mahali Pangu

Habari zenu. Admin, jina langu lifiche vizuri, maana nusu ya parokia yetu inausoma ukurasa huu na wengine hawana breki mdomoni. Mimi ni mama wa miaka arobaini na moja, mzaliwa wa Bukavu. Ninaishi Laeken, hapa Bruxelles, ninatunza wazee. Nina mume na watoto watatu.

Miaka yote tuliota kwenda Nchi Takatifu. Parokia ikaandaa hija, tukajiandikisha wote wawili. Wiki ya safari kadi yangu mpya ya ukaaji ikawa haijatoka commune, ofisi ya manispaa, na bila kadi sipandi ndege. Nikamwambia mume wangu aende tu, akaniombee. Sanduku nilimpangia mimi, hata soksi nilizikunja mimi. Mjinga ni mimi!

Akanitumia picha za Betlehemu na za mto Yordani. Kila picha, pembeni yupo Maman Clarisse, mjane wa kwaya yetu, anakaa Etterbeek, na kuvaa anajua. Nikajiambia, kundi ni moja, wivu ni dhambi.

Kwa wasiojua: Kana, pale Yesu alipogeuza maji kuwa divai, mahujaji waliooana hurudia kiapo chao mbele ya padri na kupewa cheti. Mimi hija yote niliitaka kwa ajili ya siku hiyo. Aliporudi nikamuuliza habari za Kana. Akajibu, "Ilikuwa bien." Basi. Siku ya tatu video ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la parokia. Wanandoa wamepanga mstari, mume wangu yumo, amemshika mkono Maman Clarisse, anakula kiapo huku machozi yanamtoka. Machozi! Siku ya harusi yetu hata jicho halikulowa.

Nikamwekea simu kando ya sahani. "Ni nini hii?"

"Bon, chérie, usikasirike. Père aliita mabwana na mabibi zao. Nikasema bibi yangu iko Bruxelles. Maman Clarisse akasema yeye atakureprésenter. Alisimama tu ku place yako. Hata ku dot yetu, si mudogo wako alikaa ku place yako? Haukusema kitu."

Hilo ni kweli. Mahari yangu ilipopokelewa Bukavu nilikuwa nimeshafika Ubelgiji, na kwetu hilo ni kawaida. Mdogo wangu alifunikwa kitenge akakaa kwa niaba yangu, nami nikapiga vigelegele kwenye simu. Lakini mdogo wangu aliitika kwa jina langu! Nikamwambia alete cheti. Akakitoa kwenye begi lake la kazini. Jina la mume wangu, na chini yake, Clarisse.

"Walitaka majina ya wenye wako présents," akasema.

Nikampigia huyo mama. Radhi hakuomba. "Maman, nilikusaidia. Ungenishukuru, alors!" Nilikata simu nikilia kwa hasira.

Jumapili ijayo mahujaji watatoa ushuhuda, na wanandoa wa Kana wataitwa mbele wabarikiwe. Mume wangu anataka tupande wote watatu ili watu wasiseme. Mimi, mke wa ndoa, nisimame wa tatu!

Jana nilimuuliza jambo moja tu: "Wakati unasema yale maneno, ulikuwa unaona sura ya nani?" Aliangalia dirishani muda mrefu, kisha akasema, "Yako, chérie."

Ndugu zangu, mistari ya msamaha ninaijua, msinitumie. Nipande naye Jumapili, au nikae nyumbani wao wapande wawili kama walivyozoea? Na nyinyi wanaume, semeni ukweli: jibu la swali kama lile linatafutwa dirishani?