Skafu za Watu wa Kusimama

Poldi Navratil alikuwa mfupi, mnene kiasi, na mdomo wake haukujua likizo. Majirani wa ghorofa ya tatu kule mtaani Ottakring walimjua kwa sauti kabla ya sura, maana aliimba akiosha vyombo, na akikosea noti alijisonya mwenyewe. Alikuja Vienna akiwa msichana wa shamba kutoka mkoa wa Styria, akashona glavu za mabibi mpaka karakana ikafungwa, akaolewa na dereva wa tramu, akamzika. Kitu ambacho hakikumtoka maisha yote ni opera. Tena si opera ya kukaa kwenye viti vya mahameli, la hasha! Opera ya kusimama, kule nyuma, ambako tiketi ni bei ya soseji na mkate, na mwimbaji akiteleza watu wanaguna kabla hajajua mwenyewe.

Hao wa kusimama ndio waliokuwa ukoo wake wa mjini. Lakini ukoo huo ukishapiga makofi unatawanyika, na Poldi alirudi kwenye nyumba ambayo tangu mumewe afe ilikuwa imemzidi ukubwa. Ukimya wa nyumba hiyo ulimuuma. Kwa hiyo kaka yake Vinzenz alipofiwa na mkewe, na mwanawe akashika shamba la maboga, Poldi alimpigia simu: njoo tuishi wote, chumba kipo. Vinzenz akajibu kwamba atakuja kutazama, asitegemewe kukaa.

Akaja na chupa za mafuta ya mbegu za maboga, na uso wa mtu anayekwenda kununua ng'ombe na hataki kupunjwa. Poldi akamtembeza kote. Mbele ya kanisa la Mtakatifu Stefano mzee alisimama kichwa kimerudi nyuma, akilitazama lile paa la vigae vya rangi, kimya kabisa, hata dada yake akaanza kutabasamu.

"Theluji ikiyeyuka, maji yanapita wapi?" akauliza.

"Kaka! Watu wanapanda ndege kutoka Japani kuja kuliona paa hili!"

"Na wao hawakuuliza?"

Kwenye kasri la wafalme wa zamani alitaka kujua nani anafuta madirisha yote yale. Mkahawani alimaliza kahawa yake akanyanyuka, Poldi akamvuta koti.

"Keti bwana! Hapa kikombe kimoja unakaa nacho mpaka jioni."

"Na kazi anafanya nani?"

Usiku huo, akimwagia mafuta yake kwenye kachumbari ya viazi, Vinzenz alisema polepole, "Mji mzuri, Poldi, sikatai. Lakini mimi hapa nitakuwa mtu wa nini? Keshokutwa asubuhi napanda treni yangu." Poldi aligeukia sinki machozi yasionekane. Alikuwa ameshanunua hata mapazia ya kile chumba.

Ikabaki silaha moja tu, nayo ni opera. Kesho yake wakapanga foleni tangu mchana, na tiketi zilipokatwa Poldi akatimua mbio. Ndiyo, mbio, pale hata vikongwe hukimbia na viwiko vinafanya kazi. Akafika kwenye chuma cha kuegemea, akafunga skafu yake, na hapo nafasi ikawa yake na ya kaka yake. Wenzake nao walifunga za kwao wakashuka kula mikate yao, kwa kuwa skafu ikishafungwa hakuna binadamu anayeigusa. Desturi hiyo ni ya zamani na haina haja ya askari. Poldi akarudi kumtafuta mzee, ambaye magoti yake hayakutaka mbio, wakapishana, huyu akishuka ngazi hii, yule akipanda nyingine.

Alipopanda tena alikuta chuma kitupu, hakina hata uzi. Vinzenz alikuwa amesimama hapo peke yake, ameridhika.

"Watu wa mji huu wasahaulifu jamani! Wamening'iniza skafu zao wakaondoka. Nimezikusanya zote, nikampelekea yule mama wa chini anayepokea makoti ya watu azitunze. Hii yako, shika. Hata wewe!"

"Zote, kaka?"

"Sikuacha hata moja. Ile ya njano fundo lake lilikuwa gumu, ikabidi nitie meno."

Ya njano ilikuwa ya Bwana Zdarsky, mwalimu mstaafu wa Kilatini, ambaye nafasi ya katikati alikuwa ameishika miaka nenda miaka rudi. Poldi alisikia miguu ikirudi ngazini.

"Nani?" Zdarsky alinguruma. "Nani amefanya unyama huu?"

Kelele zikalipuka, huyu akidai alikuwa kushoto, yule akimwita mwenzake mwizi. Hakuna aliyejua ni nani, na Poldi angeweza kunyamaza. Hawa ndio watu pekee aliobaki nao. Kisha akamwona Vinzenz masikio yamekuwa mekundu, kama enzi za kugombezwa na baba, na roho ikamgeuka.

"Ni kaka yangu," alisema kwa nguvu. "Ni mkulima. Ameona mali ya watu imeachwa, akaiokoa. Mwenye neno aniambie mimi."

"Bibi Navratil, katika maisha yangu yote ya kusimama hapa..."

"Basi endelea kusimama, mwalimu, nani kakukataza?"

Mtu mmoja akacheka, wa pili akafuata. Vinzenz akashuka, akarudi na skafu zimemjaa shingoni na mikononi, akaanza kuzinadi kama yuko mnadani. "Nyekundu yenye vishada, ya nani? Mama, hii imeliwa na nondo, kweli unaitaka?" Kila aliyekuja kuchukua yake alimgombeza, akajibiwa, akaishia kutaja jina lake. Hata waliosimama bega kwa bega miaka mingi bila kuulizana majina wakajuana siku hiyo. Taa zilipofifia kila mmoja alisimama alipoangukia, na Zdarsky angebaki nyuma ya nguzo kama Vinzenz asingemvuta mkono.

"Pita hapa katikati, mwalimu. Na mimi utaniambia nani anamlilia nani."

Mwalimu akamnong'oneza hadithi yote mpaka mwisho. Poldi hakusikia wimbo hata mmoja. Alikuwa akimwangalia kaka yake, aliyeshika chuma kwa mikono miwili, mdomo wazi.

Kwenye tramu ya kurudi, Vinzenz alimgeukia dada yake.

"Alhamisi kuna opera nyingine," akasema. "Nimewaahidi nitawalindia skafu zao wakienda kula. Wanasema mgeni mwingine asije akazichukua."

"Lakini treni yako ni kesho asubuhi."

"Ndiyo maana nakwambia sasa, Poldi. Kesho asubuhi usiniamshe."