Ndoo ya Mchele Iliyokwenda Mpitimbi

Nafundisha baiolojia sekondari hapa Songea, na mada ya virusi naipenda kuliko zote. Kirusi cha UKIMWI kikiumbika ndani ya seli, hakiondoki mikono mitupu. Kinafungashiwa hadi vimeng'enya vya mwenyeji wake, na kimojawapo ni balaa: kikifika seli nyingine, kinavuruga nakala ya vinasaba vya kirusi mpaka haifai tena. Kwa hiyo kirusi kina protini ya kukagua mizigo, kazi yake kuhakikisha kimeng'enya hicho kinaangamizwa kabla ya safari. Wanafunzi hucheka. Mimi hueleza bila kupepesa macho, na virusi vyenyewe ninavyo.

Nyumbani alikuwa anajua mume wangu tu. Mama yake alipokuja kutusalimia hapa kwetu Matogoro kutoka kijijini kwake Mpitimbi, nilitoa kopo langu la dawa kabatini nikalizika kwenye ndoo ya mchele. Mimi ni mtu wa kuja, kwetu Singida, na tangu niolewe nimejitahidi ukweni wasipate la kusema. Huyu mama akijua, nimekwisha.

Siku anaondoka nilikuwa kazini. Mgeni akiaga lazima afungashiwe, na mume wangu kwa mama yake hana breki. Sukari, sabuni, mafuta ya kula, na ndoo ya mchele nzima na mfuniko wake.

"Mama anaupenda sana ule mchele wa Kyela," akaniambia jioni, anajisifu kabisa.

Nikamuuliza kama aliangalia ndani.

"Mchele unaangaliwa nini?"

Jamani! Nilimtukana, nikalia, nikamtukana tena. Nyumba nzima haikuwa na protini hata moja ya kukagua mizigo. Tukapiga simu ya mama, haipatikani. Dawa ya jioni ile sikumeza.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Bodaboda ikasimama mlangoni, akashuka mama mkwe na ndoo yake. Nikasema shikamoo.

"Marahaba." Akaingia, akaketi, akafukua mchele kwa mkono, akatoa kopo, akalipangusa kwa khanga. "Maji yako wapi?"

"Mama, mimi..."

"Baba mkwe wako naye alikuwa anaficha," akasema, kwa sauti ileile anayoulizia bei ya nyanya. "Mimi namwona anakonda tu, namkorogea uji. Siku ya msiba tunatoa godoro nje, ndiyo nakuta makopo chini yake. Mengine hata hayajafunguliwa."

Nikaleta maji. 

"Jana hukumeza," akasema. "Meza nione."

Nikameza. Akaliweka kopo katikati ya meza, karibu na chumvi, akauliza leo tunakula nini.