Chapa Niliyoifuta kwa Msasa

Rafu yangu ya shaba za zamani ilikuwa na birika lisilo na kifuniko, bangili tatu na chetezo cha kufukizia ubani. Vyote nilivinunua kwa muuza vyuma chakavu karibu na soko la mifugo hapa Garissa. Nilikuwa nikiota duka lenye kioo mbele, watu wasimame tu watazame. Shule niliishia darasa la nane, lakini shaba naijua: unasugua kwa limau na majivu, unasuuza, unakausha usiache hata tone.

Chetezo nilikipenda kuliko vyote. Vya kwetu vingi ni vya udongo; hiki cha shaba kilikuja cheusi tititi. Chini yake palikuwa na mikwaruzo, mstari na kiduara pembeni. Majivu yalishindwa, nikachukua msasa. Kiling'aa mpaka nikacheka peke yangu.

Juma lililofuata mwanamke mzee, mfugaji kutoka Ijara, alisimama mlangoni kwangu. Hata salamu hakutoa. Nyuma yake alikuwa muuza vyuma, amenuna, kwa sababu mzee huyo alikuwa amemwita mwizi mbele ya soko zima. Alisema chetezo ni cha mama yake, na kiliibwa walipokuwa wakihama kufuata malisho.

"Basi atoe ushahidi," muuza vyuma akasema.

Mzee hakusita. Alisema chini yake kuna chapa ya ngamia wao, ile ile wanayochomwa shingoni, na mama yake aliichora kwa mkono wake siku alipoolewa.

Muuza vyuma akakitoa rafuni, akakigeuza. Safi kama sahani.

"Ayeyo, bibi yangu, umri umekula akili," akamwambia. "Nenda ukamtukane mwingine."

Majirani waliojaa mlangoni wakacheka. Mzee akapitisha kidole gumba pale chini, akarudia, akarudia tena. Mimi ningenyamaza tu, chetezo kingebaki changu. Lakini kile kidole sikuweza kukitazama.

"Ilikuwepo, ayeyo," nikasema. "Mstari na kiduara. Nilidhani ni mikwaruzo, nikaifuta kwa msasa."

Muuza vyuma alinitolea macho. Aliapa kwamba kwake sitanunua tena hata kijiko, akawapangua majirani na kuondoka. Nikamgeukia mzee. Kusema kweli, nilitarajia aniombee dua.

"Mwizi aliniachia chapa," akasema. "Wewe ndiye umeichukua."

Akaniomba kisu. Akakaa kizingitini, akakipakata chetezo, akaanza kuchora. Mstari ulitoka sawa. Kwenye kiduara ncha iliteleza, ikachora upande. Nikainama nimshikie angalau chetezo kisicheze.

"Usiguse," akasema, bila kuinua kichwa.

Nikarudisha mikono, nikabaki nimesimama nyumbani mwangu kama mgeni, mpaka alipomaliza.