Nusu ya Muoni Hawaonekani

Mke wangu Kokushubila hukasirika kwa kunyamaza, na hilo kwa mume ni balaa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, siwezi kujizuia. Akisema "muoni wamekufa," namwambia muoni ni chembe ndogo kuliko atomu, haina roho, sema "zimekufa." Siku moja alinijibu: "Wanazaliwa, wanaishi, wanakufa. Unataka nini zaidi?" Kisha akanyamaza siku mbili.

Kufa wanakufa kweli, tena upesi: gawanya sekunde mbili kwa milioni, ndiyo umri wao. Koku anawatumia kuchunguza semikondakta, ile maada ya chipu za simu na paneli za sola. Haidrojeni hupenya humo wakati wa utengenezaji na kuleta kasoro, lakini ni chache mno kuonekana. Muoni akirushwa ndani huweza kujifanya haidrojeni: anachukua elektroni moja na kutulia nayo. Ukiweka sumaku, anazunguka kama pia, na akifa hurusha chembe inayoonyesha alikuwa ameelekea wapi. Haya nimeyajua kwa kulazimishwa kusoma tasnifu yake.

Mashine ya kurusha muoni iko Ulaya. Kipande cha Koku cha semikondakta, kidogo kama sarafu, kilitangulia. Yeye viza ilimkwamia, akabaki nasi Mbezi Luis na kompyuta yake sebuleni. Alipewa siku moja tu, Jumamosi. Muda wake chuoni ulikuwa unaisha Desemba, na sura ya mwisho ya tasnifu ilikuwa inasubiri siku hiyo. Ikiharibika, miaka sita imekwenda na maji.

Saa nne asubuhi grafu ya kwanza ikaja. Koku akaruka kitini.

"Mungu wangu! Nusu yao hawaonekani! Nusu nzima wamepotea!"

Mama yake alikuwa jikoni akimenya ndizi. Alfajiri tulikuwa tumemsindikiza Ferdinand, mdogo wake Koku, stendi, kupanda basi la Bukoba. Mama mkwe alitoka mbio na kisu mkononi.

"Waitu! Basi gani hilo? Mwanangu yumo?"

"Siyo basi, mama. Ni muoni."

"Simjui huyo! Baba Bupe, mpigie Ferdinand!"

Nikapiga. Ferdinand alipokea akiwa Dumila, anatafuna mahindi, akauliza mbona nahema. Mama mkwe alininyang'anya simu, akamgombeza kwa kuwa hai, akarudi kwenye ndizi zake.

Wakati huo ujumbe uliingia kutoka Ulaya. Mtaalamu wa zamu aliandika kwamba huenda kipande kimeingia uchafu; je, muda uliobaki apewe mtu mwingine? Ajibu mara moja. Koku aliiinamia tena grafu.

"Ingekuwa uchafu, hata waliobaki wangeyumba," aliniambia. "Hawa wanazunguka safi kabisa. Mie naona wale wengine wameoa, baba Bupe. Muoni akishashika elektroni anazunguka kwa kasi inayozidi ya wenzake mara mia, vihesabio vya mashine havimpati. Sumaku ikipungua, atapunguza mwendo."

Nilimwelewa. Hata kwetu, mtu akishaoa humwoni tena kijiweni.

"Na kama umekosea?"

"Basi nimekosea."

Akaandika: msimpe mtu yeyote, shusheni sumaku hadi sehemu ya kumi. Akabonyeza kutuma. Kwa nusu saa iliyofuata nilisali matendo yote ya furaha ya rozari, na sikumsahihisha mtu neno hata moja.

Grafu mpya ilikuja na mawimbi membamba, ya haraka, yaliyosongamana. Koku alipima kasi yake. Akapima tena. Ilikuwa ile ile aliyoitabiri: walikuwemo wote. Akafunika uso kwa viganja, akalia kwa sauti.

Mama mkwe akatokea tena mlangoni. "Nani tena?"

"Hakuna aliyekufa, mama," Koku alisema, machozi yakimtiririka. "Nimemaliza shule."

Mama mkwe akapiga kigelegele, kisu bado mkononi.