Kurasa za Krismasi Zilizofungia Mandazi

Baba alikuwa karani wa reli, na tuliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli kule Muthurwa, Nairobi. Tangu ujana wake alikuwa amekusanya vitabu vya katuni vya Krismasi, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Kila Desemba alivitoa kabatini akanikabidhi mimi, binti yake wa kwanza. Siku ya Krismasi, baada ya kanisa, majirani walileta vyakula uani, nami nikawasomea watoto, nikigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili chetu cha mtaani. Watu wazima nao walisogeza stuli.

Mwaka niliotimiza miaka kumi na mitatu, jirani yetu wa nyumba ya tatu aliviazima. Aliongoza kwaya ya akina mama na kuuza mandazi langoni. Alisema binti yake mdogo anaugua, anataka kutazama picha. Nilimpa kwa mikono miwili.

Wiki moja baadaye, mdogo wangu alirudi na mandazi yaliyofungwa kwa ukurasa nilioujua: sungura akibisha mlango kwenye theluji, mafuta yamempenya usoni. Nikakimbia langoni. Kando ya karai la jirani yule yalibaki majalada mawili tu ya vitabu.

"Mama, hivi si vitabu vyetu?"

"Haya makaratasi ya zamani? Nilidhani mmeshayasoma," akasema, akiendelea kugeuza mandazi. "Usinililie hapa, utanifukuzia wateja."

Baba alisema tuyaache, ni Krismasi. Mimi sikuyaacha. Nililala nayo, nikaamka nayo.

Siku ya Krismasi yenyewe, watu walipokwisha kula kuku na chapati, watoto wakaanza kunisihi: "Aki si usome!" Nikasimama mikono mitupu, nikasema leo nitasimulia ya kichwani. Nikawatungia hadithi ya mama mwenye sauti ya malaika kanisani, aliyechana vitabu vya watoto afungie mandazi. Niliiga alivyovuta pumzi kabla ya kuanza wimbo, hata alivyolamba kidole kabla ya kunyofoa ukurasa. Nikainyesha theluji kwenye karai lake, mandazi yakawa mawe, yakamvunja meno. Ua mzima ukaangua kicheko. Nilikinywa kicheko kile kama soda baridi.

Jirani yule, aliyeketi na binti yake kati ya watu, alisimama, uso umemvimba, akamshika binti yake mkono wakaingia ndani.

"Nenda ukamwombe radhi," mama yangu akaninong'oneza.

Sikwenda. Baba, ambaye hakucheka, alimpelekea chakula mwenyewe.

Tangu siku hiyo watoto walimwita Mama Theluji, na mimi sikumkataza hata mmoja. Jina lilimganda mpaka walipohama. Binti yake, ambaye zamani aliketi karibu nami kuliko wote ili aone picha, hakunisogelea tena. Yeye namwonea huruma hadi leo. Mama yake nikimkumbuka, natamani ningeirefusha ile hadithi.