Sinema ya upelelezi ilivyotaka kunikosesha kazi, Karatu miaka ya 80

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Nilikuwa kijana pale Ganako, kitindamimba wa kiume. Kwetu Wairaqw, huyo ndiye hubaki na boma na wazazi.

Sasa mimi nimepata kazi gereji Arusha, Jumatatu natakiwa niripoti. Baba hasemi ndiyo, hasemi hapana. Ananiangalia tu!

Jumapili mchana sinema ikaletwa Karatu, ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nikasikia ni picha ya upelelezi, kuna magari na maghorofa. Nikawaza, mzee akiuona mji atalainika. Nikampeleka.

Jamani, nilijipalia makaa!

Kwenye picha, mzee mmoja amekutwa asubuhi bomani kwake, kafa tangu usiku, ng'ombe wake wamesimama zizini. Mpelelezi na kofia yake anazunguka saa nzima kuuliza watu maswali. Tumekodoa macho, nani muuaji? Mwisho anatugeukia, anasema hakuna muuaji. Mzee kafa kwa upweke, sababu mwanawe alikwenda mjini. Vijana, msiwaache wazazi. Picha imeisha!

Watu wakazomea. Mimi jasho linanitoka, namtazama Baba kwa pembeni. Nikajua kazi imeota mbawa.

Baba akasimama na fimbo yake.

"Mwongo huyo! Mzee kafa usiku, mbona asubuhi viwele vya ng'ombe ni vitupu? Nani kakamua? Mpelelezi gani haangalii kiwele!"

Ukumbi mzima kicheko. (Ambao hamjafuga: ng'ombe asiyekamuliwa asubuhi kiwele kinajaa, hata mtoto anaona. Waliotengeneza ile picha nadhani maziwa waliyajua dukani.)

Njiani Baba bado anafoka. "Mtu ana jirani wa kumkamulia, halafu wanasema kafa kwa upweke! Wanamsingizia kijana wa watu. Wewe nenda kazini kwako. Mimi majirani ninao. Ila ukija likizo, unakamua wewe."

Nilifurahi nusura niruke!

Na nilikamua, kila likizo, miaka mingi.

Siku nilipoitwa kumzika Baba nilifika asubuhi, nikapitia zizini kwanza. Viwele vitupu. Nikauliza, "Nani kakamua?"

Majirani watatu wakanyoosha mikono. Nililia, wakuu, huku nacheka.

Nilichojifunza: kabla hujaenda mbali, wapende majirani wa wazazi wako.

Nyie mlioondoka nyumbani, kwenu nani anakamua? Semeni hapa chini.