Haina Mwenyewe

Mtoto wangu wa kwanza alikufa siku ya tano, kabla ya siku ya jina. Kwenye kadi ya kliniki waliandika "mtoto wa kiume", basi, na hivyo ndivyo alivyozikwa. Wa pili walimpa jina la babu yake, zuri, zito, akalibeba miezi minne. Kwa hiyo mimba ya tatu ilipofika mwezi wa nane, mama mkwe alinichukua nikajifungulie kwake Kisarawe, na jina alikuwa nalo tayari: Jalala.

"Mama, jalala ni mahali pa kutupa taka."

"Ndiyo maana. Mauti hayaendi kuchagua jalalani."

"Sitaki."

"Lile zuri la mwenzake liko wapi, msomi wetu?"

Nilisoma hadi darasa la kumi, shule ya bweni. Nikamwandikia mume wangu, karani wa shamba la mkonge kule Soga. Akajibu mstari mmoja: Fuata mama anavyosema. Kutwa anaandika majina ya vibarua, la mwanawe likamshinda.

Nikajifungua binti. Siku ya saba, asubuhi, walimlaza kwenye ungo wakamweka nyuma ya jiko, juu ya maganda ya mihogo na majivu. Mimi niliambiwa nikae ndani, nisitoke, nisilie. Mila yao ni hii: jirani anapita kama mpita njia, anauliza mara tatu kama takataka ile ina mwenyewe, nao wanajibu haina. Ndipo anamwokota mtoto, na neno la kwanza atakalotamka akimwinua ndilo jina; huyu wetu alishaagizwa aseme Jalala. Mauti yakija kutafuta mtoto wa nyumba ile, hayamkuti.

Jirani mwenyewe alikuwa mama wa watoto tisa, wote hai, na kazi ile aliipenda mno.

"Jamani, takataka hii ina mwenyewe?"

"Haina!"

"Nauliza tena, ina mwenyewe?"

"Haina! Chukua ukatupe mbele!" Wakacheka. Nzi alikuwa ametua mdomoni mwa mwanangu.

Sikungoja la tatu. Nilitoka na kanga yangu ya uzazi, damu bado inanitoka, nikamsukuma yule mwanamke, nikamwinua mtoto.

"Wangu!"

Kicheko kilikatika. Mama mkwe alinitazama, akatazama ungo mtupu.

"Haya. Mwokotaji kasema. Anaitwa Wangu." Kisha akanisogelea, sauti chini. "Umeyaonyesha mauti mlango mwenyewe. Likitokea la kutokea, usinililie mimi."

Tangu siku hiyo hajamtaja mjukuu wake kwa jina. Humwita "we mtoto". Akimwita Wangu atakuwa amemdai, na mauti yana masikio. Mimi nilimwita makusudi, mbele yake, mara kumi kwa siku.

Mwaka jana, tumesharudi kwa baba yake, surua iliingia Soga. Wangu alikuwa na miaka miwili. Siku ya nne macho yalikuwa yameziba, hata maji hataki. Mchana jirani yangu wa nyumba ya pili akabisha hodi. Hakuingia, aliwaogopea wanawe.

"Shoga, mgonjwa wako anaendeleaje?"

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha maji. Shuleni nilifundishwa habari za vijidudu, nikachora hata picha zao. Najua surua haisikii Kiswahili. Nikaenda hadi mlangoni nikajibu kwa sauti ya kufika nje:

"Sina mgonjwa hapa. Hii ni takataka niliyookota. Haina mwenyewe."

Alinishangaa, akaondoka.

Homa ilishuka kesho yake. Mama mkwe alikuja kumwona, akasema Mungu mkubwa, nami nikaitikia. Lile neno sikumwambia, na sitamwambia, asije akafurahi. Lakini nilipogeuka pale mlangoni mchana ule, mtoto alikuwa amefumbua jicho moja, ananitazama.